Makabrasha ya Mlimani: kule ambako wengi hatufiki

Ukiwauliza watu waliosoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu maktaba watakwambia habari za kugombania viti kipindi cha mitihani ya chuo (UE) na vile vitabu vya kozi ambavyo kila mtu anavitaka siku moja. East Africana, ile sehemu ya maktaba inayohifadhi vitu vya Afrika Mashariki, wengi hawajawahi kuingia, na waliowahi ni kwasababu supavaiza aliwalazimisha. Mi hiki kitu kinaniuma kweli, maana mle ndo kuna vitu ambavyo huwezi kuvipata kwenye gugo wala duka la vitabu, vipeperushi, ripoti, magazeti yaliyokufa zamani, makaratasi ya watu binafsi. Toka miaka ya mwanzo ya 60 sheria ilitaka wanaochapisha vitu nchini wapeleke nakala na kwenye maktaba ya chuo, kwahiyo vingi viliingia pale hata kabla mtu yeyote hajajua kama siku moja vitakuja kuwa na maana.

Ila leo sitaki kuongelea vilivyochapishwa. Nataka kuongelea vile vilivyofuatwa majumbani kwa watu, kwasababu kwa maoni yangu hivyo ndo moyo wa hifadhi yoyote ya namna hii.

Chukua makabrasha ya Majimaji. Mwaka 1968, chuo bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, idara ya historia ikiwa na watu kama John Iliffe na G.C.K. Gwassa waliamua kuwatuma wanafunzi warudi makwao, kusini huko Umatumbi, Kilwa, Songea na kwingine vita vilikopita, wakae na wazee wawaulize nini kilitokea. Hebu piga hesabu, vita vilianza Julai 1905 watu wa Nandete walipong'oa pamba, kwahiyo mtu aliyekuwa na miaka 10 siku hiyo, mwaka 1968 ana 73. Bado yupo, bado anakumbuka, lakini ukichelewa miaka kumi tu humkuti. Walichorudi nacho kikachapwa kwa taipureta kikapangwa kwa wilaya, na mpaka leo mtu akitaka kuandika chochote cha maana kuhusu Majimaji lazima apite pale.

Na kinachonigusa zaidi ni kwamba kabla ya hapo sehemu kubwa ya habari iliyoandikwa kuhusu vita ile ilitoka kwa Wajerumani wenyewe, maafisa wa jeshi na wamisionari. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mganga aliyegawa maji ya vita, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ndo kwanza inaanza, hakuacha hata karatasi moja. Sasa huyo mtu ungemjuaje bila wazee kuongea? Ungemjua kama "mchawi" wa kwenye ripoti ya afisa fulani na basi. Wale wanafunzi hawakuwa maprofesa, walikuwa vijana wa chuo waliopanda basi kurudi kwao likizo na daftari mkononi, wakamuuliza mzee jina lake, kijiji chake, alikuwa wapi wakati huo, nani alimsimulia. Hayo majina ya wasimulizi kwangu mi yana thamani sawa kabisa na simulizi zenyewe, maana mjukuu anaweza kuingia pale leo akakuta jina la babu yake.

Kuna na makaratasi ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyefika huku tangu enzi za Mjerumani, baadae akawa mtaalamu wa mila wa serikali ya mkoloni, akaandika kuhusu sheria za Wasukuma na mambo ya jando na unyago na mengine mengi mpaka alipofariki 1962. Ni hazina, sikatai. Ila uyasome ukijua yaliandikwa ili serikali ijue namna ya kutawala, kwahiyo swali la nani aliuliza na kwanini usiliache mlangoni pamoja na begi.

Sasa nije kwenye ile miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono. Hapa mtanivumilia maana naweza kuongea mpaka kesho. Miaka ya 60 Mwingereza mmoja anaitwa J.W.T. Allen, mtu aliyeishi Tanganyika muda mrefu na Kiswahili kimemkaa, alizunguka pwani akitafuta maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Tenzi, mashairi, dua, barua, vitabu vya dawa, na akarekodi na kanda watu wakighani. Orodha ya yote aliyoyaingiza kwenye maktaba ya chuo ikatoka kitabu kizima, kilichapwa Leiden mwaka 1970. Fikiria kazi ya kumwendea mtu mzima nyumbani kwake, kumwomba akutolee karatasi alizoachiwa na marehemu baba yake, halafu akuamini. Huwezi kuifanya kwa haraka, unabisha hodi, unakaribishwa barazani, unakunywa kahawa, unaulizwa wewe mtoto wa nani, na siku ya kwanza wala huonyeshwi kitu.

Na wenye nyumba walikuwa na haki ya kusita, kwasababu maandishi mengi ya pwani yaliondoka yakaenda moja kwa moja. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, moja ya hati za kale kabisa za Kiswahili tunazozijua, ipo Hamburg. Mashairi ya Muyaka, yule mshairi wa Mombasa, yaliyokusanywa na mmisionari W.E. Taylor pale Mombasa yapo London, kwenye chuo kinaitwa SOAS. Lakini ukichimba unakuta Taylor asingefika popote bila Mwalimu Sikujua aliyemtafutia na kumwelezea yale mashairi, na huko Lamu Muhamadi Kijuma ndo aliyekuwa akiwanakilia Wazungu tenzi kwa ule mkono wake mzuri. Majina kwenye mabox ni ya Wazungu, wino ni wa kina Kijuma. Ningekuwa na uwezo ningebadilisha kila lebo iandikwe na jina la mnakili, hilo tu.

Kusoma hizo hati si mchezo. Mwandiko wa zamani herufi moja ya "be" inabeba b, p na mb, alafu i na e zinatumia alama moja, u na o hivyohivyo. Kwahiyo neno moja unaweza kulisoma pata, bata au mbata, na kitakachokuokoa ni mizani na vina, na kama hujakulia kwenye kusikia tenzi zikighaniwa utakwama mstari wa pili. Ndomana naamini semina za kufundisha vijana kusoma khati ya Kiarabu ya Kiswahili zina faida kuliko kununua skana nyingine mpya. Picha safi ya ukurasa usiosomeka na mtu yeyote inasaidia nini? Bibi yangu wa Tanga alikuwa anausoma Utendi wa Mwana Kupona, ule wa 1858 ambao mama alimtungia binti yake, bila hata kuangalia karatasi, wakati mimi na digrii yangu nilikuwa naitambua basmala tu pale juu.

Ukienda usitegemee mambo ya kufurahisha macho. Unajaza fomu, unasubiri, unaletewa faili au boksi, kalamu ya wino hairuhusiwi ni penseli tu, hula hunywi, na unafungua karatasi moja moja kwa mpangilio uleule uliokutwa maana ule mpangilio nao ni habari. Nyuma ya pazia kuna vita nyingine, joto na unyevu wa Dar havina huruma na karatasi, mdudu akiingia anakula kimyakimya, filamu za zamani zikianza kuoza zinatoa harufu ya siki kabisa, na kanda za rili hata kama ni nzima unatafuta mashine ya kuzipigia huipati. Wahifadhi wanaofanya hii kazi hawatajwi kwenye shukrani za tasnifu, na ndo wanaojua kitu kiko wapi kuliko katalogi yoyote. Nawaombeni muwataje.

SOAS wameweka hati zao nyingi za Kiswahili mtandaoni, unazisoma bure ukiwa umelala kitandani kwako Mwananyamala, na za msikiti wa Riyadha Lamu nazo zilipigwa picha palepale kwao, hati zikabaki kwa wenyewe. Huu wa Lamu ndo utaratibu ninaoupenda mimi, kitu kinabaki nyumbani, dunia inapata picha.

Kwahiyo kama kwenu Pangani, Kilwa, Bagamoyo au Unguja kuna sanduku la marehemu lenye karatasi za Kiarabu, kwanza usichome na usidhani zote ni msahafu, nyingi zinaweza kuwa Kiswahili kitupu. Usizibandike selotepu na usizianike juani. Piga picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, hata kurasa tupu na jalada, usibadilishe mpangilio. Andika pembeni ni za nani, alizipata kwa nani, nyumba gani, mtaa gani. Na kama bado yupo mzee anayeweza kuzisoma washa simu umrekodi kwanza yeye, hata wiki hii, karatasi zinaweza kusubiri kidogo.