Tulivyoenda Tanga ugenini bila watu kudondoka dakika ya sitini

Mi ni meneja wa timu ya chuo chetu hapa Moshi, na kabla hamjanipa heshima niseme tu umeneja wenyewe ni kubeba maji, kukusanya hela na kununiwa na waliokosa namba. Mwaka jana tulienda Tanga tukala nne bila. Nne! Na sio kwamba wale jamaa wanajua mpira sana, mpaka mapumziko ilikuwa moja bila na mpira tunao sisi, ila kufika dakika ya sitini beki wa kushoto kalala chini misuli imebana, tunamnyoosha, kabla hajainuka kiungo naye huyo, mwisho nikawa nakimbia na kopo la maji huku na huku kama muuza kashata stendi.

Mwaka huu tukaalikwa tena, mwezi wa sita, kocha akaanza habari za mfumo, mara tucheze watatu nyuma. Nikamwambia mwalimu samahani, shida yetu sio mfumo, ni joto. Moshi ya mwezi wa sita si mnaijua, wingu siku nzima, mlima huuoni, watu wanaingia darasani na masweta, na sisi mazoezi tunaanza saa kumi na moja jioni kabaridi kanapiga. Afu mtu huyohuyo unamshusha Tanga pale baharini, hewa ina unyevu, jasho halikauki linatiririka tu, na lisipokauka mwili haupoi.

Nikaomba kitu kimoja: siku kumi na mbili kabla ya mechi mazoezi yahamie saa nane mchana na watu wavae sweta au trakisuti juu ya jezi, sababu mwili unataka kama wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, huwezi kuuzoesha kwa siku moja. Dah, nilitukanwa. Saa nane ndo watu wametoka kula, wengine wana vipindi, wengine UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakaribia wanataka kulala. Siku ya kwanza walikuja tisa. Kapteni ndo aliniokoa, alikuja na koti la mvua la pikipiki, akakimbia nalo raundi zote bila kusema neno, kesho yake wakaja kumi na saba. Maji tulikuwa tunakunywa kila baada ya dakika kumi na tano, hapo sikutaka mchezo maana ukimvalisha mtu sweta juani umnyime maji unamuua.

Hela ilikuwa hivi: chuo kilitoa laki sita, Kosta kwenda na kurudi laki nane na nusu, tukachanga elfu 15 kila mtu, watu 24. Ikabaki laki moja na kumi ya kula. Ndo maana tulibeba wali maharage kwenye hotipoti za kantini, na nikapiga marufuku chipsi mayai za njiani, nilijua hata hivyo wataninyima raha tukifika Mombo, pale magari yanaposimama watu wale. Na kweli, mshambuliaji mmoja nilimkuta nyuma ya gari na mishikaki mitatu anatafuna kama mwizi.

Kosa lingine la mwaka jana tulitoka alfajiri ya siku ya mechi. Kilomita kama 350, akikwambia mtu ni masaa sita usimwamini, kuanzia Same ni kijiji baada ya kijiji, kibao cha 50, na trafiki na tochi yake ya kupima spidi chini ya mti. Safari hii tuliondoka Ijumaa asubuhi, wenyeji wakatupa ukumbi na magodoro, tukalala.

Jumamosi asubuhi nikaazima mwiko kwa mama ntilie nikakoroga ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwenye ndoo ya lita 20, pakiti ishirini, maana pakiti moja ni lita moja. Kipa akaonja akatema: "Meneja, haya si machozi haya?" Nikamwambia kunywa, utalia vizuri.

Afu nikamfuata refa kabla ya mechi. Wengi hawajui, sheria inaruhusu kusimama kidogo, ya kunywa maji tu isizidi dakika moja, na kama joto ni kali ya kupoza mwili ni sekunde 90 mpaka dakika 3. Akakubali. Wenyeji wakatucheka eti watu wa mlimani mnaogopa jua, sawa tu.

Kwenye kuvaa sa, nafungua begi la soksi nakuta bibu za mazoezi. Soksi zote ziko Moshi! Nikachukua bodaboda mpaka Ngamiani, mtaa wa maduka hapohapo Tanga, pea kumi na nne nyeusi, elfu tatu tatu, mfukoni kwangu.

Tulitoka moja moja, goli letu dakika ya 81, na tulipata kwa sababu beki wao ndo alikuwa amechoka, sio sisi. Aliyebanwa misuli ni mmoja tu, kiungo, na huyo hakukosa mazoezi ya saa nane hata siku moja, mpaka leo sielewi. Yule wa mishikaki alicheza dakika tisini zote.

Elfu arobaini na mbili yangu ya soksi bado sijarudishiwa. Mhasibu wa timu ananiambia hakuna risiti.