Nilivyotathmini Mahitaji ya Mafunzo ya Watumishi wa Chuo Kikuu

Nilipopangiwa kuandaa mpango wa mafunzo wa chuo kikuu cha umma ninachofanyia kazi hapa Tanzania, nilianza kama nilivyokuta wenzangu wakianza: nilisambaza dodoso lenye swali kuu, "Unahitaji mafunzo gani?" Majibu mengi yalitaja kozi za nje ya kituo, Arusha au Dodoma, jambo lisilomshangaza anayejua kwamba mtumishi akisafiri kikazi hulipwa posho ya kujikimu. Wahadhiri, kwa upande wao, walijaza kwamba hawana upungufu wowote katika kutumia mfumo wa matokeo ya mitihani.

Kasoro niliiona asubuhi niliyokaa katika ofisi ya katibu muhtasi wa idara moja. Mezani kwake palikuwa na daftari la jalada gumu lenye majina ya wahadhiri na nywila zao, na kando yake rundo la karatasi za alama alizokuwa akiziingiza kwenye mfumo, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Nilipomwuliza kuhusu dodoso, alicheka. "Mwanangu, hata hilo dodoso lako waliniachia mimi niwajazie."

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza watu wanataka nini, nikawa nauliza kazi ipi hukwama, hukwama wapi, na nani humwokoa mwenzake. Nilisoma majukumu ya kila kada katika miundo ya utumishi nikayalinganisha na kazi inayofanyika, kisha nikapitia hoja za ukaguzi na tathmini za utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Kitengo cha ununuzi hakikunisumbua, kwa kuwa mfumo mpya wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ulikuwa umechukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, mwaka 2023 na hitaji lilijionyesha lenyewe.

Maabara ndiko nilikokaa zaidi. Mkuu wa idara alitaka fundi sanifu wake apelekwe kozi, kwa sababu vipimo vya wanafunzi vilitofautiana kila wiki. Nilimkuta fundi huyo akikunja kipande cha karatasi na kukisukuma chini ya mguu wa meza ili mizani ikae sawa, akazima feni, akasubiri namba zitulie. Hazikutulia. Barua zake tatu za kuomba meza imara na uhakiki wa mizani nilizikuta kwenye faili, hazijajibiwa. Kumpeleka darasani, kwa maoni yangu, kungekuwa kumtwisha kosa la ofisi, hivyo jina lake nililiondoa kwenye orodha na barua zake nikaziambatisha kwenye maombi ya bajeti.

Mafunzo ya mfumo wa matokeo tuliyafanyia chuoni, idara kwa idara, kila mhadhiri akija na karatasi zake za alama. Nilipendekeza yule katibu muhtasi awe mwelekezaji wa vitendo, na baadhi ya wahadhiri waandamizi walinuna waziwazi. Yeye alifungua daftari lake, akawataka wote wabadilishe nywila kwanza.