Ctrl na mkato

Juzi usiku, mvua ikipiga bati hapa Majengo, Moshi, nilibonyeza Ctrl na mkato (,) kama ninavyofanya kila siku. Ndani ya Org, sehemu ya kupangia kazi na ratiba kwenye Emacs, programu yangu ya kuandikia, vitufe hivyo hunitoa faili moja ya ratiba na kunipeleka inayofuata: tafsiri za wateja, hesabu za nyumbani, migomba ya mama kule Kibosho. Safari hii kishale kikarukia neno "mbege", pombe yetu ya ndizi, limepigiwa mstari mwekundu. Nikabonyeza tena. "Kihamba", shamba letu la ukoo.

Mchana wake nilikuwa nimewasha Flyspell ili inikagulie tahajia kwa kamusi ya Kiswahili ya Hunspell. Nayo ina Ctrl na mkato yake: nenda kwenye kosa linalofuata.

Nikaipachika amri yangu ya Org kwenye ramani ya jumla, global-map; ramani ni orodha inayosema kitufe kipi kinaita amri ipi. Ukilisikia jina unadhani huyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Nikazima Emacs, nikawasha. Wapi!

Kumbe ramani ya jumla huulizwa mwisho. Emacs huanza na ramani za modi ndogo, yaani nyongeza za kuwasha na kuzima kama Flyspell, halafu ya modi kuu, ile inayoendesha aina ya faili, kwangu Org, ndipo ifike kwenye ya jumla. Ikipata jibu njiani, wa nyuma hawaulizwi tena. Ni kama kuita "Mangi!" pale Kiborloni: ataitika aliye karibu, hata kama ulimtaka wa ndani. Modi ndogo mbili zikigombea kitufe, kwa kawaida iliyopakiwa mwisho ndiyo hukaa mbele, kwa hiyo ukihamisha mistari miwili tu kwenye init.el, faili la mipangilio ya Emacs, unaweza kuharibu kilichokuwa kizima jana. Hili silipendi hata kidogo.

Ningeanza na Ctrl-h kisha k ningelala mapema. Unabonyeza kitufe chenye utata, Emacs inakutajia amri na ramani ilikotoka. Iliandika wazi: flyspell-mode-map.

Dawa ikawa kufuta. Kwenye ramani hiyo nikaipa Ctrl na mkato nil, yaani "hakuna kitu", ambayo hapo ni sawa na kusema "mimi sina, muulize wa chini yangu". Org ikapata zamu yake. Kurukia kosa nimekuhamishia Ctrl-c kisha k, maana kwa desturi ya Emacs herufi zinazofuata Ctrl-c huachiwa mtumiaji.

"Mbege" nimeiongeza kwenye kamusi. "Kihamba" pia.