Namba 7 imewaka

Wiki mbili nimekesha na kigari kimoja, na jana baada ya isha kimenipa raha. Namba 7 imewaka mlangoni mwake!

Ni vigari vya mbio vya kuchezea, vya dijitali, kipimo cha 1:32 (sehemu moja ya 32 ya gari halisi), vinavyokimbia kwenye mfuo na kuchukua umeme kutoka reli mbili za chuma. Nilitaka kiwe na kibao cha mwanga ubavuni kama magari ya Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Nikapata skrini ya OLED (pikseli zake hujiwakia zenyewe) ya inchi 0.49, pikseli 64 kwa 32, kama ukucha wa kidole gumba, na kichipu cha kuiendesha.

Kazi ilikuwa kwenye umeme. Relini mna karibu volti 15, skrini yataka 3.3, hivyo lazima regyuleta ya kushusha volti. Tena brashi za shaba zinazogusa reli zikiruka kidogo tu, skrini ilizimika. Nikaunga kapasita, ya kuweka akiba ya umeme, moja kwa moja kwenye nyaya za reli, kigari kikagoma kutii, maana amri za dijitali hupita reli hizohizo. Nilipoihamishia nyuma ya dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kikatulia. Hewa ya chumvi ya hapa Lamu nayo haina huruma. Reli nazifuta kabla ya kila mchezo.

Mpwa wangu, ambaye vichochoroni hupishana na punda tu, alilala kifudifudi sakafuni akitazama. "Mjomba, yasomeka hata ikikata kona!" Kesho nafunga chake. Ameshachagua namba 3.