Château Gaillard: anzia upande walikotokea wavamizi

Watalii wengi huipanda ngome hii kutoka mji wa Petit Andely, ukingoni mwa mto Seine, Normandy, Ufaransa. Mimi nilianzia juu, kusini-mashariki, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu. Kwingine kote ni genge la chaki. Ni huku tu mlima umeungana na uwanda kwa ulimi mwembamba wa ardhi. Mfalme Richard Moyo wa Simba wa Uingereza, aliyeijenga kati ya 1196 na 1198, alijua adui angetokea hapa.

Unakutana kwanza na ngome ya mbele, ya pembetatu, ncha ikielekea uwandani, na handaki kavu lililochongwa mwambani. Mwaka 1203 mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa alipoizingira, watu wake walichimba chini ya ukuta wakiuegemeza kwa nguzo za mbao, kisha wakazitia moto. Nguzo zilipoungua, ukuta ukaporomoka.

Ua wa kati uliponzwa na nyongeza. Mfalme John, mdogo wake Richard, alijenga humo jengo lenye kanisa, na askari wachache wakapenya kwa dirisha lake. Kisa maarufu ni kwamba walipitia tundu la choo, lakini Guillaume le Breton, mwandishi wa Philippe, anataja dirisha.

Ukuta wa ua wa ndani ndio ulionishika zaidi: umevimba mfululizo, kama vigogo vya minazi vilivyosimamishwa bega kwa bega. Jiwe la mtambo wa kurushia mawe likiupiga huteleza pembeni badala ya kuuvunja. Ila mbele ya lango waliacha daraja la mwamba juu ya handaki, na wachimbaji wa Philippe wakajikinga chini yake. Tarehe 6 Machi 1204 ngome ikasalimu amri.

Usiipite miteremko haraka. Raia waliotolewa ngomeni ili chakula kitoshe walinaswa hapa kati ya majeshi mawili, majira ya baridi, na wengi wakafa njaa.

Vaa viatu vyenye meno, maana chaki ikilowa huteleza vibaya. Ua wa ndani una kiingilio na hufungwa miezi ya baridi. Mahandaki utayaona bure. Zikague kuta kwa karibu: mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa aliamuru zibomolewe mwishoni mwa karne ya 16, watawa wakachukua mawe yaliyochongwa, na sehemu nyingi kilichobaki ni kiini cha chokaa na mawe ya gumegume.