Mlio wa Baiskeli ya Baba Ndani ya Ndoa Yangu

Kwa miaka sita ya ndoa nilificha mkoba mdogo wa buluu nyuma ya kabati, na ndani yake mlikuwa na vyeti vyangu vya shule, doti moja ya khanga na shilingi 40,000 za nauli. Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Siku alipouona, wakati akitafuta chandarua, alidhani nina mwanamume mwingine, nami sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hata mimi sikujua nilikuwa najiandaa kumkimbia nani.

Nilikuwa namkimbia baba. Kwetu Morogoro alikuwa akirudi usiku kwa baiskeli kutoka kilabuni, na mimi na wadogo zangu tulizoea kuitambua hali yake kwa sikio: akiiegemeza baiskeli ukutani taratibu, usiku huo tutalala, akiibwaga, mnyororo ukalia na kengele ikagonga saruji, tuliingia uvunguni kabla mlango haujafunguliwa. Mama alipigwa huku ugali ukiungua jikoni. Asubuhi hakuna aliyelizungumza jambo hilo, na shangazi, dada wa baba, alimwambia mama avumilie tu.

Basi nikaolewa na mtu mpole, na masikio yangu hayakupata habari. Akitupa funguo mezani, moyo ulinienda mbio. Akipaza sauti, hata kama ni ubishi wa mpira kwenye simu, mikono ilikuwa baridi na ulimi mzito, kisha nilinyamaza siku mbili tatu, naye akaamini ninanuna. Chumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, maana akinigusa kwa nyuma bila kusema neno mwili ulikakamaa, nami nilijilazimisha kutulia huku mawazo yangu yakiwa mbali, nikihesabu mbao za dari mpaka imalizike. Aliona simpendi. Na pale alipozidi upole nilimtilia shaka, nikamchokoza kusudi ili hasira yake itoke mapema nijue ukubwa wake. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka.

Baada ya kisa cha mkoba nilikwenda kumwona afisa ustawi wa jamii, mama wa makamo ambaye hakuniuliza kwanza juu ya mume wangu, bali aliuliza nilikuwa nalala wapi nilipokuwa mdogo. Alinieleza kwamba mtoto anayeishi kwa hofu hujifunza kukaa macho, na kwamba mwili huendelea kumwaga homoni za tahadhari hata hatari ikiwa imekwisha miaka mingi iliyopita. Alinisimulia habari za mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye mwaka 1954 na 1955 alikaa na akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, akaona jinsi mtoto aliyemzoea mama yake alivyoweza kutambaa mbali kidogo, akageuka kumtazama, kisha akaendelea na mchezo. Nililia niliposikia hayo, kwa kuwa kwetu mama mwenyewe alikuwa na hofu, na hapakuwa na wa kumgeukia. Aliniambia pia kwamba siko peke yangu: katika utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Nilikosea kumweleza mume wangu yote kwa usiku mmoja. Niliamka nikiwa mgonjwa, naye hakujua ashike lipi. Kilichosaidia kilikuwa kidogo zaidi, nacho ni kusema hofu yangu kwa sauti kabla sijanyamaza: "Nimeogopa, nipe nusu saa." Kisha nilikwenda kukaa barazani, nyayo zikiwa juu ya saruji baridi, nikavuta pumzi polepole na kujitajia ninavyoviona, ndoo, mpapai, viatu vya watoto, mpaka mwili ukubali kwamba huu ni mwaka huu na hii ni nyumba yangu. Muda ukiisha nilirudi ndani, hata kama bado sina maneno, kwa sababu kuondoka bila kurudi kulimuumiza kama ukimya ulivyokuwa ukimuumiza. Tulikubaliana pia kwamba aniite kabla ya kunigusa, na kwamba nikisema leo hapana, hiyo siyo hukumu juu yake. Ilituchukua zaidi ya mwaka.

Nasema haya kwa mwanamke ambaye mumewe hampigi. Kama anakupiga au anakutishia, hofu yako inakwambia kweli, na pa kwenda ni dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, siyo barazani kuvuta pumzi.

Mwaka jana nilivitoa vyeti mkobani nikaviweka kwenye droo moja na vya mume wangu. Khanga naivaa. Zile shilingi 40,000 bado ziko mahali pake. Nilimwonyesha zilipo, akasema, "Ziache mpaka utakapoona huzihitaji," akaenda kuweka funguo zake mezani, taratibu.