Gadjo, na habari ya Papusza

Siku hizi neno gadjo halinitoki kichwani. Waroma, wale wengi wetu tunawaita majipsi, ndo wanamwita hivyo mtu yeyote asiye wa kwao, mwanamke ni gadji, wakiwa wengi gadje, na kule Uingereza likageuka kuwa gorgio. Sio tusi kivile ila sifa nayo sio, inategemea anayelisema kanuna au anacheka.

Kwenye vitabu ndo linanogea. Miaka na miaka habari za Waroma waliziandika gadje wenyewe, humo Mroma ni mwizi, mpiga ramli, au mwanamke wa kutia wanaume wazimu kama yule Carmen kwenye hadithi ya Mfaransa Mérimée, 1845. Halafu unakutana na Lavengro, kitabu cha Mwingereza George Borrow, 1851, Jasper Petulengro, Mroma wa humo, anafungua mdomo na ghafla Mwingereza ndo gorgio, yeye ndo wa kushangaliwa. Borrow anatia chumvi sana, simuamini kila kitu, ila hapo alipatia. Na Tony Gatlif kwenye filamu yake Gadjo dilo (1997) kampeleka kijana wa Kifaransa Romania kumtafuta mwimbaji aliyemsikia kwenye kaseti, kufika tu kijijini Waroma wanamshuku yeye ndo mwizi, hehe.

Ila niliyekwama kwake ni Papusza, yaani Bronisława Wajs, mshairi Mroma wa Poland. Kusoma alijifunza kwa kujiiba tu, maana enzi hizo binti wa Kiroma na kitabu wapi na wapi, vita ya pili ya dunia ikaja wakajificha misituni huko Volhynia, eneo lililokuwa mashariki ya Poland, na mateso yale akayatungia shairi refu. Mwaka 1949 akatokea Jerzy Ficowski, gadjo, anawakimbia polisi wa siri, msafara wao ukampa hifadhi, akasikia tungo za huyu mama akamsihi aziandike, akazitafsiri Kipolandi. Mpaka hapo poa. Tatizo 1953 Ficowski akatoa kitabu kuhusu Waroma wa Poland, mila zao, hadi maneno ya lugha yao, na wakati huo huo serikali inawabana waache kuhamahama. Wazee wakasema Papusza kauza siri kwa gadje. Wakamtenga, akaugua, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na baada ya hapo hakuandika sana mpaka anafariki 1987.

Ficowski nashindwa kumchukia, bila yeye hata jina la huyo mama nisingelijua. Wazee nao nawaelewa, watu ambao juzi tu Wanazi walikuwa wanawaua kwa maelfu lazima waogope kuandikwa kwenye daftari la mtu. Lakini mbona aliyelipa ni Papusza peke yake? Mwenzake kaendelea kutoa vitabu.

Sasa namtafuta Matéo Maximoff, Les Ursitory, 1946, huyu alikuwa Mroma mwenyewe anaandika kwa Kifaransa, nataka nione yeye sisi gadje anatuchora vipi.